KUUZA ASALI, CHOYA NA UNGA KWA SIMU: HESABU YA USAFIRI NA BAKODI KABLA HUJAPANGA BEI

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu, tuzungumzie kitu kinachoulizwa sana siku hizi, hasa na vijana na vikundi vya akina mama wanaosindika mazao: namna ya kutuma bidhaa kwa mteja aliyeagiza kwa WhatsApp, Instagram au kwenye soko la mtandaoni, na hiyo mistari myeusi inayobandikwa kwenye lebo ambayo kila mwenye duka kubwa anaiulizia.

Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanakutana kwenye boksi moja. Mtu anapika karanga vizuri, anakamua asali safi, anakausha choya hadi inang'aa, halafu hela yote inaishia njiani kati ya shamba na mteja. Ukimuuliza anasema biashara ya mtandaoni haina faida. Faida ipo, ila hesabu haikufanywa.

KILO SIO LITA

Tuanze na asali maana ndiyo inayowaumiza wengi. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini lita moja ya asali iliyokomaa ina kama kilo 1 na gramu 400. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ukiijaza asali umeweka gramu 700 ndani, sio gramu 500. Wapo wanaouza "nusu kilo" kwa chupa ya nusu lita, yaani kila chupa wanatoa zawadi ya gramu 200 bila kujua. Na wapo wanaomwambia msafirishaji "nina lita 20" wakitegemea kilo 20, mzigo ukipanda mzani unasoma kilo 28 bila chombo. Hapo ugomvi na mtu wa mizigo hauna maana, mzani uko sahihi.

Kwenye lebo andika uzito kwa gramu. Pima kwa mzani, usipime kwa macho wala kwa mstari wa chupa. Watu wa Wakala wa Vipimo wakija wanapima kilichomo ndani, hawapimi chupa.

Sasa weka na chombo chenyewe. Chupa ya kioo ya nusu lita tuseme ina gramu 300. Asali gramu 700, jumla kilo moja kamili. Chupa 12 ni kilo 12, ongeza boksi na makaratasi ya kujazia, unafika kilo 12 na nusu. Ukitumia chombo cha plastiki cha chakula unapunguza zaidi ya kilo tatu kwenye boksi hilo hilo. Mimi binafsi napenda kioo, asali inapendeza na mteja anairudia chupa nyumbani, lakini kwa mzigo wa kusafiri saa kumi kwenye buti la basi nashauri plastiki ngumu. Kioo kiache kwa mteja wa karibu au wa dukani.

HESABU YA CHUPA MOJA

Bei ninazoweka hapa ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuchukulie uko Sikonge au Manyoni na mteja yuko Dar es Salaam. Unauza chupa shilingi 10,000. Asali yenyewe kwa gharama zako inakula 4,500. Chupa na kifuniko 900. Lebo 300. Boksi na vya kujazia, kwa kila chupa, 200. Jumla 5,900. Unabaki na 4,100. Ukiishia hapo unaona umetajirika.

Mteja mmoja anaagiza chupa moja. Boda kutoka nyumbani mpaka stendi 2,000. Basi 5,000. Mzigo ukifika stendi Mbezi, boda ya Dar mpaka kwa mteja 4,000. Jumla 11,000. Usafiri umezidi bei ya bidhaa! Ukiwa umeandika kwenye tangazo "usafiri bure" umelipa shilingi 6,900 ili mtu ale asali yako. Na ukimbebesha mteja yote, chupa inamfikia kwa 21,000, ataenda kununua sokoni Kariakoo na hutamsikia tena.

Mzigo ule ule ukiwa wa chupa 12 unabadilika. Boda 2,000 ile ile, maana pikipiki haijali kama umebeba chupa moja au boksi. Basi tuseme 8,000. Kufikisha kwa mtu mmoja Dar 5,000. Jumla 15,000, gawa kwa 12, ni shilingi 1,250 kwa chupa. Kutoka 11,000 mpaka 1,250. Hakuna mbolea inayoongeza faida kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana nawashauri wauzaji wa mikoani wasitume chupa moja moja kutoka kijijini. Tafuta mtu wa kuaminika mjini, ndugu, rafiki au mwenye duka dogo, umtumie boksi zima mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Yeye anabaki na mzigo, wewe unapokea oda kwenye simu, unamwelekeza ampe boda. Mteja analipia ile boda ya mwisho ya mjini, 3,000 au 4,000, kitu ambacho watu wa mjini wamekizoea na hawanung'uniki. Huyo mtu wako mlipe kwa kila chupa inayotoka, kwa mfano 500. Usimwambie "tutaelewana". Undugu mwingi umeharibika kwa neno hilo.

Kama huna mtu, weka kiwango cha chini cha oda. "Kwa wateja wa mkoani tunaanzia chupa sita." Mteja akikataa, mwambie ajiunge na wenzake ofisini au kanisani au msikitini. Akina mama wa vikoba wanafanya hivi vizuri sana, mmoja anakusanya hela na kupokea boksi, wanagawana.

CHUPA ILIYOVUNJIKA

Hapa naomba usome polepole. Kwenye lile boksi la chupa 12, kila chupa ikifika salama unabaki na 4,100 toa 1,250 ya usafiri, yaani 2,850. Chupa zote 12 zinakupa 34,200. Moja ikivunjika, zile 11 zinakupa 31,350, halafu toa gharama za ile iliyovunjika: 5,900 ya kuitengeneza na 1,250 ya kuisafirisha, jumla 7,150. Unabaki na 24,200. Umepoteza 10,000 kamili.

Yaani haipotei ile faida ya chupa moja tu, inapotea bei yake nzima. Na kwa asali hasara haiishii kwenye hiyo chupa. Asali iliyomwagika inapaka lebo za chupa nyingine 11, karatasi zinalowa, maandishi yanavurugika, mashine ya dukani haisomi, na siafu wa stendi wanapewa karamu. Kwa hiyo gharama ya 200 kwa chupa ya kujazia boksi usiione kubwa. Weka vigawanyio vya boksi kati ya chupa na chupa, funga kila kifuniko kwa nailoni au selotepu, na viringisha boksi zima kwa plastiki kabla ya kulifunga. Baada ya kufunga, litikise. Ukisikia kitu kinagongana, fungua upya.

MZIGO MWEPESI UNAOLIPIWA KAMA MZITO

Wauzaji wa choya, majani ya mlonge, maembe makavu, bisi na vikapu, nyie shida yenu ni nyingine. Mabasi mengi hawatumii mzani kwa vifurushi vidogo, mtu wa mizigo anaangalia kwa macho na kutaja bei. Macho yanaona ukubwa. Ukija na kiroba kimejaa hewa unalipa hewa.

Makampuni ya vifurushi na mizigo ya ndege wao wana kanuni iliyoandikwa kabisa. Wanapima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wanazidisha, halafu wanagawa kwa 5,000. Jibu linaitwa uzito wa ujazo. Kisha wanalinganisha na uzito wa mzani, na wanakutoza ule uliozidi. Mizigo ya kawaida ya ndege mara nyingi wanagawa kwa 6,000 badala ya 5,000, kwa hiyo uliza kabla ya kupeleka mzigo: mnagawa kwa ngapi?

Tuchukue mfano. Boksi la choya kavu lenye urefu 60, upana 40 na kimo 40. Zidisha: 96,000. Gawa kwa 5,000 unapata 19.2. Kwenye mzani boksi hilo lina kilo 6 tu. Utalipia kilo 19.2. Boksi la asali tulilosema, 40 kwa 30 kwa 20, linatoa 24,000, gawa kwa 5,000 ni 4.8, lakini mzani unasema 12.5, kwa hiyo unalipia 12.5. Umeona? Mwenye asali anapigana na uzito, mwenye choya anapigana na ukubwa. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine.

Kwa mwenye choya, mosi, tafuta boksi linalolingana na mzigo, usichukue boksi la tambi la dukani kwa sababu limepatikana bure. Ukipunguza kimo kutoka 40 mpaka 30 kwenye mfano wetu, uzito wa ujazo unashuka kutoka 19.2 mpaka 14.4 bila kupunguza gramu hata moja. Pili, toa hewa kwenye pakiti kabla ya kuziba. Maembe makavu unaweza kuyabana vizuri tu. Choya ukiibana sana inavunjika, na mteja anayetaka ua zima atalalamika, kwa hiyo kwa wale wanaochemsha chai tu uza iliyokatwakatwa, inakaa sehemu ndogo zaidi. Tatu, changanya. Boksi lenye unga wa lishe chini na choya juu linajaza uzito na ukubwa kwa pamoja, na mteja mmoja mara nyingi anataka vyote viwili. Hakikisha tu unga umezibwa sawasawa.

Na kabla sijasahau, boksi lililotumika likiwa na lebo ya zamani au mistari ya zamani, ifute au ibandike karatasi juu yake. Ofisi zinazotumia mashine zinaweza kusoma ile ya zamani, na mzigo wako ukaanza safari isiyo yako.

BAKODI NI NINI HASA

Wengine wanaita msimbo milia, wengine wanasema tu "ile mistari". Ni namba. Basi. Mistari ni njia ya kuiandika namba ili mashine isome haraka. Haina bei ndani yake, haina tarehe ya kuisha, haina ushahidi kwamba bidhaa ni bora. Bei iko kwenye kompyuta ya duka, namba ikisomwa kompyuta inatafuta bei iliyowekwa na mwenye duka. Ndiyo maana bidhaa moja yenye bakodi moja inauzwa bei tofauti kwenye maduka mawili.

Teknolojia hii sio ngeni. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mashine dukani ilikuwa pakiti ya bazoka ya Wrigley, tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Hapa kwetu shirika linalotoa namba hizi, GS1 Tanzania, lilianzishwa mwaka 2011. Kabla ya hapo wajasiriamali wetu walikuwa wanachukua namba Kenya au Afrika Kusini, na bidhaa ya Mtanzania ilikuwa inasomeka na 616 ya Kenya au 600 ya Afrika Kusini mwanzoni. Ya kwetu ni 620.

Hapo pana kitu watu wanakosea sana. 620 maana yake namba ilitolewa na ofisi ya Tanzania. Haimaanishi bidhaa ililimwa Tanzania. Kampuni iliyosajiliwa hapa inaweza kuweka 620 kwenye mchele ulioingizwa kutoka nje, na hakuna sheria iliyovunjwa kwenye namba. Kwa hiyo ukiwa mnunuzi usitumie tarakimu tatu za mwanzo kujua asali imetoka wapi, soma anuani ya mzalishaji.

Namba ya kawaida ina tarakimu 13. Za mwanzo ni za nchi iliyotoa, zinafuata za mwenye bidhaa, zinafuata za bidhaa yenyewe, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Hiyo ya mwisho unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu, na nashauri uifanye kabla ya kuchapisha lebo elfu moja. Chukua namba ya mfano 620012345678. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6+0+1+3+5+7, unapata 22. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 2+0+2+4+6+8, unapata 22. Hii ya pili zidisha kwa 3, ni 66. Jumlisha 22 na 66, ni 88. Ili kufika makumi yanayofuata, yaani 90, inahitajika 2. Basi tarakimu ya mwisho ni 2, na namba nzima ni 6200123456782. Mchapishaji akikosea tarakimu moja, hesabu haikubali, na mashine ya dukani inakataa. Usiitumie hiyo namba kwenye bidhaa yako, ni ya mfano wa darasani.

KILA UJAZO NA NAMBA YAKE

Asali ya gramu 350, ya gramu 700 na ya kilo moja zina namba tatu tofauti. Unga wa lishe wenye soya na ule wa uwele bila soya, namba mbili. Ukibandika namba moja kwenye ujazo wote, kompyuta ya duka itatoza bei moja kwa zote, na utakuja kugombana na keshia asiye na kosa. Lakini batchi mpya ya bidhaa ile ile haihitaji namba mpya. Mavuno ya Juni na mavuno ya Desemba, namba moja, kinachobadilika ni namba ya toleo na tarehe, na hizo zinaandikwa pembeni kwenye lebo.

Boksi la chupa 12 linalokwenda kwa mwenye duka la jumla lina namba yake pia, ya tarakimu 14, ili mtu wa stoo asome boksi moja badala ya kusoma chupa kumi na mbili. Kama huuzi kwa jumla kwenye maduka makubwa, hii iache kwanza.

Je, unahitaji bakodi kama unauza kwa WhatsApp tu? Jibu langu ni hapana, bado. Kuna ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka, na mtu anayetoa chupa 40 kwa mwezi kwa wateja anaowajua kwa majina hela hiyo aiweke kwenye vifungashio na mzani. Unaihitaji pale supamaketi inapokutaka, au pale soko la mtandaoni linapokuuliza namba ya bidhaa wakati wa kusajili. Amazon kwa mfano huitaka, na huilinganisha na kumbukumbu za GS1. Ukiwa umenunua namba za bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa mtandaoni, kumbukumbu zitaonyesha jina la kampuni nyingine kabisa, pengine ya Marekani iliyokufa zamani, na bidhaa yako inaweza kukataliwa baada ya wewe kuchapisha lebo zote. Kunakili ya jirani ndiyo mbaya zaidi. Nimeona mitungi ya siagi ya karanga ya watu wawili tofauti yenye namba moja kwenye rafu moja, na duka likaitoa yote miwili.

Kinachohitajika hata kwa muuzaji mdogo kabisa ni alama yake mwenyewe ya ndani. Hii huiombi kwa mtu, unaitunga: AS-700 kwa asali ya gramu 700, AS-350 kwa ile ndogo, CH-100 kwa choya ya gramu 100. Iandike kwenye daftari, kwenye boksi, na kwenye ujumbe wa mteja. Kijana wako wa mjini ukimwambia "mpe yule dada AS-350 mbili" hakuna kukosea. Ukimwambia "mpe ile ndogo", ndogo ipi?

Na jambo moja: bakodi haichukui nafasi ya TBS. Nembo ya ubora ni kitu kingine, inapatikana baada ya bidhaa na sehemu ya uzalishaji kukaguliwa. Wajasiriamali wadogo wanaanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako, uulize, huduma ipo.

LEBO INAYOSOMEKA

Sasa umeshapata namba, unampelekea mtu wa stationary akutengenezee lebo. Yeye anataka ipendeze, mashine inataka isomeke, na mara nyingi hayo mawili hayapatani.

Ukubwa wa kawaida wa mistari ya tarakimu 13, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, ni kama milimita 37 kwa 26. Inaruhusiwa kupunguzwa mpaka asilimia 80, yaani kama milimita 30 kwa 21. Chini ya hapo unabahatisha. Usimruhusu aikate kimo ibaki kama uzi ili picha ya nyuki ipate nafasi. Zile nafasi nyeupe kushoto na kulia sio za kupoteza, ndizo zinazoiambia mashine mistari inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukiweka fremu au maandishi ndani yake, haisomi.

Rangi: nyeusi juu ya nyeupe, usihangaike na ubunifu. Mashine nyingi za dukani zinamulika mwanga mwekundu. Kwa mwanga huo mistari myekundu au ya chungwa inaonekana nyeupe, yaani haipo. Rangi ya dhahabu inayong'aa nayo inarudisha mwanga vibaya.

Wauza asali sikilizeni hapa. Lebo za plastiki inayoona, zile zinazobandikwa ili asali ionekane, ni nzuri sana machoni. Lakini mistari myeusi juu ya plastiki inayoona, nyuma yake kuna asali ya miombo yenye rangi ya kahawia iliyoiva, ni nyeusi juu ya nyeusi. Chupa tupu inasoma vizuri, ukiijaza inagoma. Mwambie mchapishaji aweke kipande cheupe nyuma ya mistari. Hili limewagharimu watu lebo nyingi kwa sababu walijaribu chupa ikiwa tupu.

Kwenye mtungi mwembamba wa duara, mistari igeuzwe ilale kama vipandio vya ngazi, mtungi ukiwa umesimama. Ikisimama wima kama fito za uzio, ile ya pembeni inazunguka nyuma ya mtungi na mashine haiioni yote kwa pamoja.

Karatasi nayo. Karatasi inayochapishwa kwa joto, kama ya risiti, inafifia kwa jua na kwa mafuta. Siagi ya karanga inavuja mafuta kidogo kila siku, ndani ya mwezi karatasi ya kawaida imekuwa ya njano na mistari imevimba. Tumia lebo ya plastiki au iliyopakwa juu. Wino wa printa ndogo za nyumbani unatiririka ukikutana na maji, kwa hiyo mtu wa mtindi usijaribu kabisa.

Kupima, usitegemee simu peke yake. Kamera ya simu inasamehe mengi, inaweza kusoma lebo ambayo mashine ya supamaketi inaikataa. Chapisha tano tu, zibandike kwenye chupa zilizojaa, nenda duka lenye mashine uombe keshia akujaribie wakati hakuna foleni. Wengi wanakubali, hasa ukinunua kitu.

MAANDISHI YA BOKSI LA KUSAFIRI

Juu ya boksi andika jina na namba ya simu ya mpokeaji, mji na stendi anayopokelea, halafu jina na simu yako. Andika kwa maka pen isiyofutika, pande mbili. Karatasi nyingine yenye maandishi hayo hayo iweke ndani, kwa sababu ya juu ikichanika wakifungua watajua mzigo ni wa nani. Kama ni chupa andika KIOO na chora mshale wa juu. Piga picha boksi likiwa limefungwa, piga picha risiti, na andika namba ya basi na saa ya kuondoka. Mtumie mpokeaji vyote kabla hujaondoka stendi. Kuna kikundi kimoja kilipoteza debe zima la asali njiani, walipoulizwa risiti wakasema konda walimfahamu. Konda alikuwa ameshahamia basi lingine.

Mzigo wa Posta kwa EMS na wa makampuni ya vifurushi unabandikwa mistari yao wenyewe. Hiyo ni ya kufuatilia mzigo, haihusiani na bakodi ya bidhaa yako, na ikishafika kazi yake imekwisha. Usiifunike wala usiikunje kwenye kona ya boksi.

Kuhusu wateja wa "nitalipa nikiuona", utaratibu unaowasaidia wengi ni huu: mteja analipa kwanza usafiri, bidhaa analipa mzigo ukifika. Mwenye nia ya kweli anatuma 5,000 bila maneno. Anayekataa kutuma 5,000 ndiye ambaye mzigo ungemfikia akazima simu, ukalipa kwenda na kurudi.

Swali la mwisho ambalo wengi mmeuliza, ndugu zetu walioko Oman, Dubai na Ulaya wakitaka bidhaa. Mazao makavu kama choya yanahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, asali ina vibali vyake kupitia Wizara ya Maliasili na Utalii, na nchi inayopokea ina masharti yake. Anza na hivyo vibali na masharti, halafu ulizia bei ya kilo, halafu ndiyo umtajie mteja bei. Kifurushi kidogo cha zawadi kwa shangazi aliyeko Muscat ni jambo moja, boksi 20 za kuuza ni jambo lingine, na aliyezoea kutuma la kwanza asidhani la pili linapita mlango ule ule.